Ubao wa Mwalimu: Masta ya mbali, lakini masaa ya nani?



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kufunika daftari za watoto ili zifike mwezi wa 6 zikiwa na kurasa zote. Daftari zitangoja. Kwenye mkutano wa siku ya posho tulibishana, na nilipotoka wamama wanne walinisindikiza hadi mlango wa parseli yangu, kila mmoja na swali lile lile: “Mwalimu, mbona wewe ulinyamaza?” Nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Leo naiandika.

Kwa wale ambao hawakuwapo, jambo lilikuwa hivi. Mama mmoja wa kikundi chetu alisimama akaomba mkopo wa dola 400 kutoka sanduku yetu. Anafanya kazi kiwanja cha ndege cha Luano, kwenye kontwari ya kupokea wasafiri na kupima mizigo, na huu ni mwaka wake wa 9. Hapendi jina lake liandikwe, basi nitamwita mama wa Luano. Feza hiyo hakuiomba kwa unga, wala kwa mitumba, wala kwa makala. Ni sehemu ya kwanza ya malipo ya masta ya biashara na usimamizi, ile inayoitwa MBA, ambayo vitabu vya Tanzania vinaiita shahada ya uzamili. Ataisoma kwa mbali: chuo kikuu kiko nchi nyingine, yeye yuko Makomeno, na kati yao ni kompyuta na mega za telefoni.

Mama mmoja mkubwa, tunayemheshimu wote, akauliza: “Hiyo masta itapika bukari?” Tukacheka, na mimi pia nilicheka. Mwingine akasema sanduku ni ya biashara, na biashara ni kitu ambacho mtu anaweza kukiona kikipangwa mezani sokoni. Wa tatu akanong’ona, lakini kwa sauti ya kusikika, kwamba mwanamke mwenye masta hatakuja tena kukaa na sisi kwenye viti vya plastiki. Mama prezida akasema tutarudia jambo hilo mkutano ujao.

Sasa sababu yangu. Mtoto wake wa kiume yuko kwenye kalasi yangu, ya 5 ya primeri. Periodi ya kwanza alipata 71 kwa mia. Periodi ya pili alishuka kwa 54. Si mtoto mvivu. Alikuwa analala juu ya meza, saa 3 ya asubuhi, mdomo wazi, kalamu mkononi. Nilimwita mama yake na nilimsemesha vikali, vile sisi walimu tunajua kusemesha mzazi: tukiwa wima na mzazi amekaa kwenye benchi ya mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole: “Mwalimu, ninaamka saa 9 ya usiku kusoma Kiingereza na hesabu, ili nikiingia kwenye masta nisizame. Taa ni moja na chumba ni kimoja. Nikiwasha, anaamka. Ananiambia, mama, na mimi nisome.”

Nilirudi nyumbani na hasira, na nyuma ya hasira haya ilikuwa inanifuata. Mimi mwenyewe nilipata diploma yangu ya ISP, miaka mitatu, na mtoto mgongoni. Nilitaka kuendelea hadi lisansi. Sikuendelea. Kila mtu aliyeniuliza nilimwambia feza ilikosekana, na jibu hilo watu wanalipokea bila kuuliza zaidi. Lakini feza ningepata. Kaka yangu alikuwa tayari kunikopesha. Kilichokosekana ni masaa, na masaa sikujua mtu anayaomba wapi.

Basi turudi kwa ndege. Mama wa Luano hakuota hiyo masta usingizini. Aliiona ikitua. Ndege ya Ethiopian Airlines inatoka Addis Ababa na kufika hapa kwetu, na yeye anaiona miaka yote. Shirika lile ni la serikali ya Ethiopia, lilianzishwa mwaka 1945 na ndege yake ya kwanza ya abiria ilikwenda Cairo mwaka 1946. Leo ndilo linaloshika sehemu ya 49 kwa mia katika Air Congo, shirika letu lililoanza kuruka mwezi wa 12 mwaka 2024, na serikali yetu inashika 51. Siku moja alisoma habari ya wakubwa wa shirika hilo, akaniletea. Nilifikiri ametia chumvi. Nilichunguza, na ni kweli.

Watu wawili walifuatana kwenye kiti cha mkubwa wa Ethiopian. Tewolde GebreMariam aliingia shirika mwaka 1985, akapanda ngazi moja moja, akafanya kazi Saudi Arabia na New York, akawa mkubwa wa shirika zima kuanzia mwaka 2011 hadi 2022. Mesfin Tasew, aliyemfuata mwaka 2022, aliingia mwaka 1984 upande wa wahandisi wanaotengeneza ndege. Mmoja alisoma uchumi, mwingine umeme, wote wawili chuo kikuu cha Addis Ababa. Na wote wawili wana MBA ya chuo kimoja: Open University ya Uingereza, chuo ambacho wanafunzi wake wanasomea nyumbani kwao. Waziri mkuu wa Ethiopia wa wakati ule, Meles Zenawi, alipata MBA yake kwenye chuo hicho hicho mwaka 1995. Alikuwa ametoka porini kwenye vita, ameshika nchi, akakaa chini kufanya mazoezi ya nyumbani kama mtoto wa kalasi ya 5.

Chuo chenyewe kina historia ambayo wamama wa mji wa migodi kama sisi tutaielewa haraka. Mwanasiasa Harold Wilson alitoa wazo hilo mwaka 1963, na wakati ule walikiita chuo kikuu cha hewani, sababu masomo yangepitia redio na televisheni. Lakini mtu aliyelibeba wazo mpaka likawa kitu ni mwanamke, Jennie Lee, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Scotland. Wakubwa wa vyuo walimcheka. Walisema mfanyakazi aliyechoka hawezi kusoma usiku akapata digrii ya kweli. Yeye akakataa kukiacha kiwe chuo cha daraja la chini: alitaka mitihani migumu kama ya vyuo vingine. Mwaka 1969 kilipata hati yake, na mwaka 1971 wanafunzi wa kwanza walianza, zaidi ya 20,000 kwa mara moja. Vitabu vilifika kwa posta, na vipindi vya televisheni vilipita alfajiri au usiku sana, wakati watoto wamelala.

Kitu kinachonifurahisha mimi kama mwalimu ni kusahihisha kwao. Kila mwanafunzi anapewa mwalimu wake wa kumfuata, na mwalimu huyo haandiki alama tu juu ya karatasi. Anaandika maelezo marefu, hapa umekosea sababu hii, hapa rudia. Maelezo yale ndiyo kalasi yenyewe. Mimi nina watoto 58 kwenye kalasi moja, na mara nyingi naandika “Jikaze” na kupita kwa daftari inayofuata. Kwa hiyo mtu akiniambia kusoma kwa mbali si kusoma, namuuliza kwanza: nani anamsahihisha, na anamwandikia nini?

Na masta hiyo inafundisha nini hasa? Mama muuza tomati anaijua nusu yake tayari. Tomati isiyouzwa leo kesho imelainika, na kesho kutwa unaitupa. Kiti cha ndege ni kibaya kuliko tomati. Mlango ukifungwa na kiti kiko wazi, kiti kile kimeoza dakika ile ile, na mafuta, rubani na kodi ya kutua vimelipwa sawasawa. Ndege ikilala chini inakula feza bila kuleta feza, kama mashini ya kushona iliyofunikwa kitambaa. Shirika la kimataifa la mashirika ya ndege, IATA, lilipotabiri mwaka 2025, lilihesabu kwamba kwa dunia nzima faida ya safi ni kama dola 7 kwa kila msafiri, na kwa Afrika ni karibu dola 1. Dola moja, wamama. Mtu amelipa mamia ya dola kwenda Kinshasa, na kinachobaki kwa shirika la Afrika hakifiki bei ya kuku. Ndiyo sababu wanatafuta watu wanaojua kuhesabu, si kurusha peke yake. Mwaka 2020, corona ilipofunga abiria nyumbani, Ethiopian walitoa viti ndani ya baadhi ya ndege za abiria na kubeba mizigo, maski na vifaa vya hospitali. Uamuzi wa namna hiyo unatoka kwa mtu anayeweza kuangalia kiti na kuona kilo.

Mama wa Luano anaona mambo ya namna hiyo kila siku kwenye mizani yake. Anajua msafiri gani anakuja na masanduku sita, siku gani ndege inaondoka nusu tupu, foleni inakatika wapi. Miaka 9 ameyaona, na kila kijana mwenye karatasi anayefika juu yake, yeye ndiye anamfundisha kazi. Anataka siku moja aulizwe kabla ya uamuzi, si baada yake.

Sasa, wale wawili wa Addis ni wanaume. Mwanamke pia amefika juu: mwaka 2023 bodi ya IATA ilipata mwanamke wa kuiongoza kwa mara ya kwanza tangu shirika hilo lianzishwe mwaka 1945. Ni Yvonne Makolo, mkubwa wa RwandAir. Najua kutaja Rwanda siku hizi kwetu kunachoma, na kunanichoma mimi pia, lakini miaka 78 ni miaka 78, na siwezi kuificha kwa wamama.

Lakini nilipokuwa nasoma juu ya hao wote, nilitafuta kitu kimoja na sikukiona popote. Wanaandika mwaka aliingia kazini, digrii, vyeo. Hakuna anayeandika nani alipika usiku ambao bwana alikuwa anafanya mazoezi ya MBA. Nani alinyamazisha watoto? Nani alikwenda kwenye kilio cha jamaa badala yake? Masomo ya mbali tunayaita ya mbali, na kumbe hakuna masomo yaliyo karibu kuliko hayo. Yanafanyikia kwenye meza ya kulia. Mwanafunzi wa chuo kikuu anatoka nyumbani, na watu wanajua ametoka. Mwanafunzi wa mbali yuko pale, wanamwona, basi wanamwambia: mama, chumvi iko wapi?

Siku ya tatu nilimwita kwenye kalasi baada ya watoto kutoka. Nikachukua chaki nikaandika juu ya ubao 168, masaa ya juma nzima, tukaanza kutoa. Kazi, siku 6 za masaa 9: 54. Njia, kwenda na kurudi: 12. Usingizi, 6 kila usiku: 42. Maji, mbabula, kupika, kufua, kuosha watoto: 35. Kanisa na kwaya: 6. Kikundi chetu: 2. Vilio na wagonjwa: 4. Watoto na masomo yao: 5. Jumlisheni wenyewe, inafika 160. Yanabaki 8, na hayo 8 si kitambaa kizima. Ni vipande vya dakika 20 hapa na pale, akingoja basi, akingoja umeme, akingoja bwana.

Vyuo vyenyewe kwa kawaida vinamwambia mwanafunzi wa masta ya mbali atenge kama masaa 12 kwa juma. Tuliangalia ubao, wote wawili tukanyamaza. Alikuwa ameshaanza kuyakata masaa hayo bila kumwambia mtu, na tulijua alikuwa anayakata wapi: kwenye 42 za usingizi wake, na kwenye 5 za watoto. Zile 54 za mtoto wake kwa mia, mimi niliziandika kwa kalamu nyekundu, kumbe zilikuwa zimeandikwa kwanza kwenye hesabu hii.

Kwa hiyo mimi ninasema hivi. Dola 400 ni sehemu ndogo ya mkopo anaouhitaji. Tukimpa feza bila masaa tutakuwa tumemsaidia kuzama, na mtoto wake pamoja naye. Na tukimnyima feza kwa sababu ya bukari, ataendelea kuamka saa 9 ya usiku peke yake.

Sisi tunajua likelemba. Kila mmoja anatoa, mmoja anapokea, zamu inazunguka, na hakuna anayeita sadaka. Kwa nini tusifanye likelemba ya masaa? Hakuhitaji 12 zote kutoka kwetu. Akipata mara mbili kwa juma masaa 3 yasiyokatwa, mengine atayapanga kwenye siku zake za kupumzika. Nilizunguka nikauliza, kabla ya kuandika. Mimi nitachukua watoto wake wawili siku ya tano jioni; watafanya mazoezi pamoja na wangu, na taa yangu inaenea. Jirani yake amekubali siku ya posho mchana. Mama anayeuza makala amesema bido zake za maji na za mama wa Luano ni safari moja, anahitaji tu mkokoteni. Baba watoto yeye ni dereva wa lori njia ya Kasumbalesa, siku nyingine analala kwenye foleni ya mpaka usiku mbili tatu. Nilimkuta nyumbani, nikamwonyesha hesabu. Aliisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye 35. Akasema siku ambazo yuko mjini atapika yeye. Tutaona.

Na yeye atarudisha nini? Ameahidi vitabu vya hesabu vya sanduku yetu, ambavyo tangu mama mwekahazina ahamie Likasi viko namna mnayoijua. Atavishika kila mwezi, na kila anachojifunza juu ya hesabu atatufundisha sisi kwa daftari yetu wenyewe. Akimaliza, masaa yanahamia kwa mwingine. Kuna anayetaka kujifunza kushona, kuna binti anayetaka kurudia uuguzi. Na niseme wazi, mtu asije akalisema nyuma yangu: mimi pia niko kwenye foleni hiyo, na lisansi yangu.

Juu ya feza nina neno la ukali kidogo. Sanduku ina dola 640. Tukitoa 400, zinabaki 240, na mwezi wa mvua watoto wanaugua. Ninapendekeza tumpe 200 sasa, na 200 nyingine akituletea matokeo ya somo la kwanza. Alirudishe deni dola 40 kila mwezi, kama mkopo mwingine wowote. Yeye mwenyewe alipolisikia hilo hakufurahi, lakini hakukataa.

Kabla ya kulipa hata franka moja kuna mambo ya kuchunguza, na hapa nina aibu yangu ya kusimulia. Miaka michache nyuma niliona kwenye telefoni tangazo la chuo fulani: diploma ya juu ya ualimu, kwa mbali, dola 50. Nililipa. Baada ya siku 4 walinitumia diploma. Ilikuwa na mhuri wa dhahabu na jina langu limeandikwa vizuri sana. Masomo hayakuja. Nilingoja masomo miezi miwili, mjinga mimi, nikifikiri wametanguliza diploma kwa makosa. Bado ninayo, iko chini ya godoro.

Basi mama wa Luano amefanya kazi ambayo mimi sikuifanya. Aliuliza kama serikali ya nchi ya chuo hicho inakitambua. Aliuliza kama Kinshasa, kwenye wizara ya elimu ya juu, wanatoa hati ya usawa kwa diploma yake, sababu bila hati ile mkubwa wa kazi anaweza kuiangalia kama picha tu. Aliuliza mtihani unafanyikia wapi, na nani anasimamia. Aliangalia Embry-Riddle ya Marekani, chuo kinachojulikana kwa mambo ya ndege na kinachotoa masomo kwa mbali, akaona bei, akafunga telefoni. Aliangalia pia chuo kikuu huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa kusoma kwa mbali, na kina MBA. Kiingereza ndicho kikwazo pande zote mbili. Kwa Kifaransa kuna vyuo vya Ufaransa na vya Canada. Aliyemchagua mwishoni nimeona barua zao, na mwalimu wake wa kumfuata ameshamwandikia. Ukurasa mmoja na nusu, na mambo matatu ya kurekebisha kwenye barua yake ya kujieleza. Niliposoma ukurasa ule nikajua hawa si wale wa dola 50.

Najua swali la mama mkubwa bado liko pale. Masta itapika bukari? Sitamdanganya. Inaweza isipike. Anaweza kumaliza na kazini wakampa cheo kijana mwingine. Anaweza kushindwa somo la hesabu, na nimeona hesabu zake, kuna mahali anachechemea. Mama mkubwa mwenyewe aliniambia baadaye, pembeni, kwamba alisema vile sababu binti yake alisoma mpaka mwisho na leo anauza mega chini ya mwavuli. Hilo sina jibu lake, na sikumpa. Nilimwuliza kama siku ya posho mchana anaweza kukaa na watoto pamoja na jirani. Akasema miguu inamuuma. Kisha akauliza ni saa ngapi.

Mkutano ni siku ya posho, saa 8 mchana, mahali pale pale. Atakayeweza kutoa saa moja aje na jina lake limeandikwa kwenye karatasi, pamoja na siku anayoweza. Anayepinga aje pia, aseme mbele ya watu. Na juu ya daftari, nitaandika juma lijalo, nimeshapata magunia ya unga ya kuonyesha.

Mtoto mwenyewe alianza kuja kwangu siku ya tano iliyopita, na kiti chake kichwani. Alifanya sehemu na desimali bila kusinzia, kisha akaniuliza: “Mwalimu, mama akimaliza, ni yeye atakuwa anaendesha ndege?” Nikamwambia hapana, yeye atakuwa anahesabu kama ndege hiyo inafaa iruke. Akafikiri kidogo, kalamu mdomoni. Akasema afadhali angeendesha.